Kitambaa cha Alfajiri

Mumewe ndiye aliyembandika jina la Bi Ufagio, na jina likaganda. Hata muuza maziwa alipogonga lango aliita hivyo hivyo. Mwenyewe hakukasirika. Kila siku ya Mungu aliamka saa kumi na moja, akasali, akatoka na ufagio wake, na kufikia jua kuchomoza ua mzima ulikuwa umepigwa mistari, safi, ukiangusha punje ya mchele unaiona.

"Huyu mke wangu," mzee aliwaambia wageni, "akifika mbinguni ataomba kwanza aonyeshwe wanapoweka mifagio."

"Na wewe utaomba uonyeshwe kiti," mkewe alimjibu.

Mzee alikuwa fundi seremala. Miaka thelathini na minane ya kupiga randa na kuvuta unga wa mbao ilimwachia kifua kinacholia kama mlango uliokosa mafuta. Gundi na vanishi nazo zilikwisha kumla pua. Hakusikia harufu ya kitu, hata sufuria ikiungua jikoni yeye alikaa tu anasubiri chakula.

Kisanduku cha kupimia hewa kililetwa mwaka jana na binti mmoja mtafiti wa chuo, mwembamba, mwenye adabu, begani ana begi limejaa waya. Alikuwa anatafuta nyumba iliyo kati ya barabara kuu na matanuri ya matofali yaliyo ng'ambo ya bonde, na ua wa Bi Ufagio ulikuwa hapo hapo. Kabla hajamaliza chai mzee alikwisha kumpa jina: Binti Hewa.

Kisanduku chenyewe kilikuwa cheupe, ukubwa wa mkate. Alikifunga kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia, urefu wa uso wa mtu.

"Sasa hiki kinafanya nini?" Bi Ufagio aliuliza.

"Kinapima uchafu wa hewa, mama. Chembe ndogo sana, jicho haliwezi kuziona. Kila dakika tano kinatuma namba chuoni kwa laini ya simu. Kule tuna modeli ndani ya kompyuta, yaani hesabu kubwa inayokisia hewa ya kila mtaa, saa kwa saa. Tunaiambia upepo unaelekea wapi, joto kiasi gani, magari na matanuri yanatoa moshi kiasi gani, na moshi huo ukipigwa na jua unageuka kuwa nini. Halafu visanduku kama hiki vinaisahihisha ikikosea."

"Kwa hiyo ni mpiga ramli mwenye waya," mzee akasema.

"Ndani ya ua wangu hakuna ramli," mkewe akamkata.

"Basi ni mpiga ramli anayekubali kusahihishwa, baba," Binti Hewa akasema, na mzee akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, ikabidi apigwe mgongo.

Wakati wa kuaga, Binti Hewa aliutazama ule ufagio uliosimama mlangoni kama askari. "Mama, nakuomba jambo moja tu. Ukifagia, vumbi lisikiingie. Kitaharibika."

"Ondoa shaka, mwanangu."

Na hakusema kwa mdomo tu. Siku ile ile alitoa shati la zamani la kazini la mumewe, jeupe, kola imekwisha, akakata mgongo wake, akapinda kingo kwa sindano. Tangu hapo, kila alfajiri, kabla hajashika ufagio, alikivisha kisanduku kitambaa kile na kukaza kamba. Alifagia ua, akafagia njia mpaka langoni, akapangusa baraza, akaliacha vumbi litulie. Ilipofika saa mbili ndipo alipokifunua. Hakumwambia mtu. Nani anatangaza kwamba kafunika sufuria?

Kila wiki alikifua kitambaa, na kila alipokifua aliona doa jeusi mahali pale pale, duara, kiasi cha kifungo cha koti. Alilisugua kwa sabuni, akalianika juani. Halikutoka. Akasema ni kutu.

Baada ya miezi mitatu Binti Hewa alirudi, mchana kama kawaida yake, akafungua kompyuta yake mezani. Kioo kilijaa nguzo za rangi: kijani kwa hewa nzuri, njano kwa hewa ya wastani, nyekundu kwa hewa mbaya.

"Mtaa wenu umetushangaza," alisema. "Kompyuta ilikuwa inashikilia kwamba alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Inasema hewa ya baridi hulala chini na kuukandamiza moshi wa matanuri usipande. Lakini kisanduku chenu kinaibishia kila siku. Kumi na moja mpaka mbili, kijani tupu. Sasa mimi, kati ya hesabu na kipimo, nafuata kipimo. Nimeirekebisha kompyuta, imetulia."

Mzee alisogeza kiti. "Mwenye kifua kama changu akae nje saa ngapi, basi?"

"Alfajiri, baba. Hata mwili wenyewe utakushukuru."

Wifi yake Bi Ufagio alikuwepo. Huyu alikuwa dada mdogo wa mzee, mshonaji, anakaa mtaa wa nyuma, mdomo wake hauna breki lakini mkono wake mwepesi wa kutoa. Wiki haikuisha alileta mto aliomshonea kaka yake wa kuweka kwenye kiti cha barazani. "Ukakae kama waziri," alimwambia. "Na usiniangushe. Nikisikia umelala mpaka jua kali, nauchukua mto wangu."

Hivyo ndivyo zilivyoanza zile alfajiri. Mzee alitoka saa kumi na mbili kasorobo, blanketi mabegani, akakaa uani mpaka saa mbili. Ukungu ulikuwa umetanda chini chini, mweupe, umetulia kama maziwa kwenye bakuli. Wote waliuita ukungu. Bi Ufagio alifagia, mzee akaongea. Walizungumza mambo ambayo miaka yote arobaini ya ndoa hawakupata nafasi nayo. Mtoto waliyemzika akiwa na siku tisa. Kabati la kwanza alilomtengenezea, lililokataa kupita mlangoni. Siku moja mzee alimwambia, "Ningejua wewe ni mtu wa mazungumzo matamu hivi ningestaafu mapema," naye akamrushia majani ya ufagio miguuni kuficha uso wake.

Lakini kikohozi kilizidi. Walisema ni baridi, wakaongeza blanketi. Daktari wa kliniki ya kifua alimwandikia dawa na kusisitiza, "Apate hewa safi." Bi Ufagio akajibu kwa fahari, "Anapata, daktari. Kila alfajiri." Mwezi wa tano wa alfajiri hizo mzee alianza kusitasita. "Leo niacheni nilale," alisema. Naye Bi Ufagio akamwondolea shuka taratibu, akamshika mkono. "Amka, mume wangu. Saa zako safi zinapita." Akamtoa nje, hatua kwa hatua, akamweka kwenye mto.

Asubuhi ya mwisho alimtoa hivyo hivyo. Saa tatu alipelekwa hospitali midomo imekuwa rangi ya wino. Hakurudi.

*

Binti Hewa alikuja msibani, akalia pamoja na wafiwa, akaondoka. Alirudi baada ya miezi miwili, Ijumaa moja mchana. Wifi alikuwa ameketi mkekani anapinda sketi ya mteja.

"Mama, sikuja na maneno mengi," Binti Hewa alisema. "Ila kuna jambo nilitaka wewe uwe wa kwanza kuliona." Akatoa karatasi. "Kliniki ya kifua imeniomba niwaandikie saa nzuri za wagonjwa kutoka nje, kwa mitaa yote ya upande huu. Inachapishwa Jumatatu. Kila mgonjwa atapewa aibandike ukutani. Nilipokuwa naiandika nilimfikiria baba."

Bi Ufagio alisoma polepole, kidole chini ya mstari. *Saa nzuri ya kukaa nje: saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili asubuhi.*

"Kaka yangu kaacha jina," wifi alisema, akajifuta jicho kwa ncha ya sketi ya watu.

Binti Hewa alikishusha kisanduku akisafishe. Alikigeuza juu ya meza. Kwa mbele, chini kidogo, palikuwa na kitundu cha duara, kiasi cha kifungo cha koti, ukingo wake mweusi.

Bi Ufagio alikuwa ameshika sinia la chai. Alikitazama kitundu kile. Kisha akainua macho, akatazama dirishani, kwenye kamba, pale kitambaa kilipokuwa kimeanikwa.

"Hapo ni pa nini?" aliuliza.

"Ndipo kinapovutia pumzi, mama. Kuna feni ndogo ndani."

"Na pakizibwa?"

"Pakizibwa kinakuwa kipofu. Kitasema hewa safi, safi, safi." Binti Hewa akacheka kidogo huku akipuliza vumbi. "Lakini nani akizibe?"

Aliliweka sinia chini. Alitaka kusema, na neno likafika mpaka kwenye meno, likarudi. Wifi alikuwa pale. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka. Binti Hewa alikirudisha kisanduku mahali pake, akaaga, akaenda zake na karatasi yake.

Usiku ule Bi Ufagio hakusumbuka na usingizi, maana hakuutafuta. Jumamosi hakufagia. Wifi alipopita alisimama langoni, akashika kiuno. "Haya leo kuna nini? Dunia imekwisha? Bi Ufagio na majani uani?"

"Mgongo," alisema.

Alijua vizuri kwamba akinyamaza hakuna atakayejua. Kitambaa kingeingia jikoni, kikawa jivu kwa dakika moja. Wifi angeendelea kuja Jumapili na sindano zake, ndugu pekee aliyebaki naye duniani, na kaka yake angebaki mtu aliyekufa kwa mapenzi ya Mungu na kifua kibovu. Alipiga magoti, akaanza sala anayoijua tangu utotoni, akakuta maneno yamekauka katikati. Kila alipofumba macho aliona benchi refu la kliniki ya kifua. Wale wazee. Yule mwanamke mwenye mtoto anayehema kwa mabega. Kila mmoja ana mtu nyumbani, mtu anayempenda, atakayeisoma ile karatasi ukutani na kumwambia, amka, saa zako zinapita. Atakayemshika mkono.

"Bwana," alisema kwa sauti, peke yake chumbani, "mimi ndiye niliyemtoa nje." Hilo ndilo lililotoka. Sala nyingine haikuja.

Jumapili alasiri alimpigia simu Binti Hewa aje. Wifi alikuwa mkekani kama kila Jumapili, naye Bi Ufagio hakumwondoa. Alikishusha kisanduku mwenyewe, akakiweka mezani, akakivisha kitambaa kama alivyozoea. Doa jeusi likaangukia juu ya kitundu, sawasawa, halikupungua wala kuzidi.

"Ile karatasi imechapwa?"

"Kesho asubuhi, mama."

"Isichapwe."

Binti Hewa alikitazama kitambaa. Aliinua kona moja, akaishusha, akaiinua tena. "Saa ngapi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Ulikuwa unakifunika saa ngapi?"

"Kumi na moja mpaka mbili. Kila siku. Vumbi lisikiingie."

Muuza maziwa alipita barabarani na kengele yake.

"Ni mimi niliyekwambia," Binti Hewa alisema. "Ni mimi, mama."

"Uliniambia nikitunze. Hukuniambia nikifunike."

"Wala sikukwambia usikifunike! Na kompyuta ilikuwa sawa tangu mwanzo. Ilisema alfajiri ni mbaya, nikaishika masikio mpaka ikakubali kijani. Sikuja hapa alfajiri hata mara moja. Mara moja tu ingetosha."

"Ngojeni kwanza," wifi alisema. Sindano ilikuwa imesimama hewani. "Nimesikia vibaya au? Kwa hiyo kaka yangu alikuwa anatolewa kitandani anakwenda kukalishwa kwenye moshi."

"Ndiyo," Bi Ufagio alisema.

"Ule ukungu."

"Haukuwa ukungu."

"Siku ile alisema anataka kulala. Uliniambia mwenyewe. Na wewe ukamvuta mkono."

"Ndiyo, wifi."

Wifi alikusanya vitambaa vyake, kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko. Kikebe cha pini kikamponyoka, pini zikatawanyika, hakuziokota. Alitoka bila kuaga, na lango likabaki wazi.

*

Karatasi haikuchapwa. Binti Hewa alirudi keshoye na macho mekundu na kisanduku cha pili, pacha wa kile cha kwanza. Alivifunga bega kwa bega kwenye nguzo.

"Namba za miezi yote zimeharibika," alisema, "lakini tunaweza kuzikomboa. Kimoja ukifunike, kingine ukiache wazi. Siku kumi na nne. Kompyuta itaona kitambaa kinaficha kiasi gani, halafu itarudi nyuma na kutuambia hewa ya kweli ilikuwaje. Ila mama, inabidi iwe kitambaa kile kile. Na ufanye vile vile ulivyokuwa unafanya. Saa ile ile, ufagie vile vile. Usibadilishe kitu." Akaikaza kamba ya kisanduku kipya. "Kama huwezi, nitakuja mimi."

"Mkono ni wangu," Bi Ufagio alisema. "Nitafanya mimi."

Ndivyo ikawa kwamba kila alfajiri aliamka, akasali kadiri ilivyowezekana, akatoka na mgongo wa shati la mumewe, akakifunika kisanduku. Akafagia. Kazi ilipokwisha alijifunika blanketi la mzee, akakaa kwenye kiti cha mzee, juu ya mto, katikati ya weupe ule uliotulia, mpaka saa mbili. Hilo Binti Hewa hakumwagiza. Siku ya saba akaanza kukohoa.

Siku ya tisa lango liligongwa kabla ya jua. Wifi aliingia, khanga imefungwa vibaya, akasimama. Alitazama visanduku viwili, kimoja kimevishwa, kimoja uchi. Akamtazama wifi yake kitini.

"Bado unafunika?"

"Nimeambiwa nifunike. Kwa hesabu."

"Na kukaa hapo umeambiwa na nani?"

Wifi alizunguka ua, akaenda mpaka nguzoni, akarudi. Pumzi yake ilikuwa inapanda juu juu.

"Ule mto nilishona mimi," alisema hatimaye. "Na mimi ndiye niliyekuwa nampigia kelele aamke. Unasikia? Siku ngapi nimesimama langoni hapa napiga kelele." Akafuta pua kwa mkono. "Nilikuwa nyumbani nakuchukia, na kila nikikuchukia najikuta na mimi nimo. Sasa sijui nifanye nini na wewe. Sijui kabisa."

Kisha akaingia ndani bila kukaribishwa, na sufuria zikaanza kulia jikoni.

Baada ya siku kumi na nne Binti Hewa alifungua kompyuta mezani. Zile nguzo za kijani za alfajiri zilikuwa zimegeuka zote, safu nzima, nyekundu ya damu. Alionyesha na karatasi mpya: *Mgonjwa wa kifua asikae nje kabla ya saa tatu asubuhi. Afunge madirisha.* Jumatatu inachapwa.

"Na asubuhi ile?" Bi Ufagio aliuliza.

"Mama, sidhani kama..."

"Nionyeshe."

Binti Hewa alitafuta tarehe. Nguzo ya siku ile ilikuwa ndefu kuliko zote, rangi yake zambarau, rangi ambayo hata haikuwemo katika zile tatu za mwanzo. Bi Ufagio aliweka kidole juu ya kioo, akakiacha hapo.

"Na kama angelala ndani?" wifi aliuliza.

"Kompyuta inakisia angevuta nusu. Pengine pungufu. Lakini kifua chake kilikuwa kimeumia zamani. Kama angepona siku ile, au mwezi ule, au mwaka..." Binti Hewa alitikisa kichwa. "Sijui. Hesabu yangu haifiki huko."

"Basi useme hivyo hivyo, hujui," wifi alisema. "Angalau mtu mmoja humu ndani aseme hajui."

Wakati wa kuondoka Binti Hewa alimrudishia kitambaa, kimekunjwa mara nne. Bi Ufagio alikitia ndani ya kitabu chake cha sala, na kitabu kikakataa kufumba vizuri.

Keshoye, saa kumi na moja, macho yalifumbuka yenyewe. Hakukuwa tena na kisanduku cha kufunika. Aliuchukua ufagio, akaurudisha mlangoni. Akatoka na blanketi, akakaa kitini, mbele yake weupe ule, na ng'ambo ya bonde wekundu hafifu wa matanuri. Alikohoa. Alijaribu kuikumbuka sauti ya mzee akisimulia habari za lile kabati, akapata mwanzo wake, mwisho ukampotea.

Mlango nyuma yake ulifunguka kidogo, upana wa uso. Wifi alikuwa akilala pale tangu siku ya tisa, bila kuombwa wala kueleza.

"Bi Ufagio," aliita. Jina hilo hakuwa amelitamka tangu Jumapili ile. "Ingia ndani. Saa tatu bado."

Hakuinuka.

"Ingia, nasema. Sina mwingine wa kumzika."

Bi Ufagio alikaa kidogo tena. Kisha akauchukua mto chini yake, akaukung'uta umande, akaingia nao ndani, na wifi akafunga mlango, halafu akaenda kuyafunga madirisha, moja baada ya jingine.